Nimejiundia gitaa la umeme kipande kwa kipande, bodi ya mninga kutoka Keko (uzi mrefu, njoo na chai)

Solo_la_Pili:

Wakuu habari za majukumu. Hiki kitu niliahidi muda mrefu, leo umeme umekatika na simu ina chaji ya kutosha kwa hiyo tulieni niwape yote.

Nimejiundia gitaa la umeme mwenyewe. Sio la kununua likiwa kamili, hapana, bodi nimechongesha Keko (kule kwa maseremala wa Dar) kwa mbao ya mninga, shingo na vyuma nimeagiza Uchina, waya nimechomea mezani kwangu huku wife ananiangalia kama mtu aliyerogwa. Imechukua miezi saba, na miwili kati ya hiyo nilikuwa nimenuna tu sijaligusa, nitaeleza kwanini.

Kwanza niwatoe tongotongo. Kama unataka gitaa la bei chee hii sio njia. Nimetumia laki sita na ushee ukijumlisha na nauli za kwenda Keko na Kariakoo, na kwa hela hiyo mtu anapata gitaa zuri tu la mkononi. Unajiundia kwa sababu unataka kujua kilichomo ndani, basi.

Nilichagua umbo la Telecaster, na ushauri wangu kwa yeyote anayeanza achague hilohilo. Ni ubao bapa, hauna makorokoro. Aliyelitoa ni Leo Fender kule California mwaka 1950, na huyu mzee alikuwa fundi redio, gitaa lenyewe hajui kupiga! Ndo maana alifikiria kifundi: shingo haikugundishwa kwenye bodi kama magitaa ya zamani, imefungwa kwa skrubu nne nyuma, ikiharibika unafungua unaweka nyingine. Bila zile skrubu nne mimi na wewe tusingekuwa na hii stori, maana ndizo zilizofanya gitaa liwe kitu cha kuungaunga kama baiskeli.

Sasa sikilizeni hapa, hata kama hamtasoma kwingine. Watu wanaanza kununua vitu vizuri vya kung'aa, pikapu (zile sumaku zinazosikiliza nyuzi, sio gari ya mizigo), vyuma vya dhahabu, rangi, alafu mwisho wa siku vipande havikubaliani. Gitaa ni vipimo. Namba ya kwanza ni urefu wa uzi kuanzia nati ya kichwani (kile kibao chembamba chenye mifereji ya nyuzi, sio nati ya bolti) hadi pale uzi unapokaa kwenye briji (chuma cha kwenye bodi kinachoshika nyuzi). Kwa Fender ni milimita 648, yaani inchi 25 na nusu. Gibson, ile kampuni nyingine ya magitaa ya Marekani, wengi wako kwenye 628 hivi. Ukinunua shingo ya 648 ukaweka briji mahali pa 628, hilo gitaa halitakaa litunike hadi unaingia kaburini, utatuni nyuzi wazi ziko sawa, ukibonyeza kodi (nyuzi kadhaa kwa pamoja) juu huko inalia kama mbuzi.

Na mahali pa briji hupimi kutoka kichwani, unapima kutoka freti ya 12 (freti ni vile vichuma vinavyokatiza shingo). Freti ya 12 iko katikati kabisa ya uzi, kwa hiyo kutoka hapo hadi kwenye vile vitandiko vya briji ni 324. Fundi wangu anatumia futi ya inchi tu, milimita hataki kuzisikia, nikamwambia inchi 12 na robo tatu akaelewa palepale.

Naendelea, ngoja nikoroge chai.

Bwana_Randa:

Nimekaa pale kwenye kona 🪑. Mkuu mninga sio mzito? Mimi ni seremala, mninga naujua, kitanda cha tano kwa sita cha mninga unakibeba watu wanne.

Solo_la_Pili:

Mkuu Randa karibu sana, na utanisahihisha nikikosea kwenye mbao. Mninga ni mzito kuliko zile mbao wanazotumia Marekani ndiyo, lakini sio wa kutisha. Bodi yangu ilitoka kilo 2.7 na gitaa zima likafika kama kilo 4. Bega linajua kwamba kuna kitu ila naweza kumaliza ibada.

Cha kuangalia sio uzito, ni UBICHI. Hapa ndo nilinuna miezi miwili. Mbao ya kwanza nilinunua kwa macho, rangi ile ya kahawia yenye michirizi myekundu, nikachanganyikiwa. Muuzaji akaapa ni kavu. Nikaipeleka kwa fundi mmoja akachonga umbo, akatoboa chumba cha shingo na vya pikapu, nikalipa nikarudi nayo nyumbani. Wiki ya tatu naweka rula juu ya bodi naona mwanga unapita katikati. Imejikunja kama chapati iliyosahaulika kwenye kikaango! Chumba cha shingo kilichokuwa kimekaa vizuri sasa shingo haiingii hata kwa kubembeleza.

Ya pili nilienda na mzee mmoja anayejua, akachagua mbao iliyotolewa kwenye mlango wa zamani. Mlango uliokaa miaka mingi kwenye nyumba hauna tena cha kukauka. Tukaunga vipande viwili kwa gundi nyeupe ya mbao, tukabana usiku mzima, tukapiga randa hadi unene wa milimita 45. Hiyo haijasogea mpaka leo.

Bwana_Randa:

Hapo umenena. Mbao ya mlango au ya kitanda cha bibi, hiyo ndo mbao. Wengine wanauziwa mbao inalia maji ukiigongea msumari.

Kijana_wa_Sebene:

Wakuu kwanini asitumie mpingo kabisa? Si ndo mti wa muziki, wazungu wanatengenezea klarineti na zumari zao kwa mpingo wetu.

Solo_la_Pili:

Dogo mpingo unazama kwenye maji, unajua hilo? Bodi nzima ya mpingo ingefika kilo 5 na zaidi kabla hujaweka chuma hata kimoja, utapiga wimbo mmoja ukalazwe. Alafu kupata kipande kipana hivyo ni shughuli, mti wenyewe unakua polepole na umejipinda pinda. Mpingo mahali pake ni ubao wa kuchezea vidole, ule unaobeba freti. Mgumu, mlaini kama kioo, jasho halimtishi. Gitaa langu la pili nataka ubao wa mpingo.

Ila ukichonga mwenyewe ubao wa freti jiandae na hesabu. Unachukua 648 unagawa kwa 17.817 unapata 36.37, hiyo ndo freti ya kwanza kutoka kwenye nati. Inayobaki unagawa tena kwa 17.817 unapata ya pili, hivyohivyo hadi mwisho. Pima kila moja kutoka kwenye nati, usipime kutoka freti hadi freti maana kosa la nusu milimita unalibeba mgongoni hadi ya 22. Mimi nilikwepa, nikanunua shingo ikiwa na freti zake.

Mama_Besi:

Shingo ya mtandaoni ilikuja salama? Mimi niliagiza kitu ikaja rangi tofauti na picha, nikawaza niwalilie nani.

Solo_la_Pili:

Dada yangu ilikuja salama, lakini pembeni freti zinakwaruza kama msumeno, ukitelezesha mkono unatoka na alama. Nikanunua kitupa kidogo cha kunolea nikakaa nazo jioni tatu, ncha moja moja, pande mbili. Freti 22 mara mbili, piga hesabu. Ubao unauziba kwa tepu ya karatasi usiukwaruze.

Lakini kilichonipa pressure ni vipimo visivyosema ukweli. Vitu vya Marekani viko kwa inchi, vya Asia viko kwa milimita, na vinafanana kwa macho! Vifungo vya volyumu, unakuta kifungo cha inchi hakiingii kwenye kijiti cha milimita, au kinaingia kinazunguka tu hewani. Matundu ya vitunio kule kichwani yako ya milimita 10 na yako ya kizamani ya 8 na kitu, ukikosea unapanua tundu kwa keekee na roho mkononi. Wale wanaotaka kuunda Stratocaster, lile gitaa lingine la Fender lenye mkono wa kutikisa, ndo waangalie zaidi, skrubu sita za briji ya Marekani zimetandazwa kwenye milimita 56 na za Asia nyingi ni 52 na nusu. Kanuni yangu: kila kitu kifike mezani kwanza, nipime na venia (kile kipimio cha kubana cha milimita), NDO nitoboe. Usitobolee picha.

Chumba cha shingo sasa. Upana wa kisigino cha shingo ya Fender ni 56 kasoro kidogo, kina cha chumba ni 16 hivi. Fundi alipitisha rauta (mashine ya kuchimba mbao) kwa mkono bila kielelezo, mashine ikaruka, chumba kikawa kipana kwa milimita mbili. Shingo ikawa inacheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Nikatamani kulia pale Keko mbele za watu. Fundi yeye hana habari, akachukua pande la mninga akaliranda likawa jembamba kama kadi ya simu, akaligundisha ukutani mwa chumba, kesho yake akalikwangua na patasi hadi shingo ikaingia kwa kusukumwa na kiganja. Ukiinua shingo bila skrubu bodi inakuja nayo. Hapo ndo pazuri.

Kabla ya kutoboa yale matundu manne, chukua nailoni ya kuvulia samaki, funga kwenye kitunio cha uzi wa kwanza na wa sita, vuta hadi kwenye briji, alafu angalia nafasi kutoka kwenye nailoni hadi ukingo wa shingo pande zote mbili. Zikilingana toboa. Zisipolingana sogeza shingo. Ni uzi ndani ya uzi wakuu 😂. Kwenye keekee zungushia tepu kuonyesha kina, kuna mtu namjua alitoboa mpaka ikatokea kwenye freti ya 20. Skrubu zipake sabuni ya mche zisikatike.

Bwana_Randa:

Nasahihisha kidogo kaka. Sabuni inavuta unyevu, skrubu inashika kutu baada ya muda hasa huku pwani. Tumia mshumaa. Sugua skrubu kwenye mshumaa, inaingia kama siagi.

Solo_la_Pili:

Asante mkuu, jioni hii nafungua zangu.

Kijana_wa_Sebene:

Sasa tuje kwenye sauti. Mninga unaliaje?

Solo_la_Pili:

Unalia kama gitaa 😄. Mtanisamehe wale wa "mbao ina roho". Kwenye gitaa la umeme kinachoenda kwenye spika ni kile sumaku ilichosikia kutoka kwenye uzi wa chuma. Ubao unachangia, sikatai, ila mimi nimebadilisha kapasita moja ya mia chache sauti ikabadilika kuliko mbao mbili tofauti. Weka hela kwenye pikapu, kwenye nati na kwenye waya.

Waya ndo nilidharau ikanishikisha adabu. Nilienda kwa fundi redio nikamwambia nataka volyumu mbili, akanipa zile za redio, 50K. Nikafunga, nikawasha, sauti imefunikwa blanketi. Nikalaumu pikapu, nikalaumu mninga, nikamlaumu fundi wa Keko wa watu. Kumbe volyumu ndogo inakunywa sauti zote za juu. Pikapu za koili moja zinataka 250K, zile za koili mbili zinataka 500K. Na angalia herufi, A sauti inapanda taratibu sikio linavyopenda, B ukiigeuza hakuna kinachotokea alafu ghafla vuup. Mafundi wa redio wanazo zote, ni kusoma tu maandishi mgongoni. Kapasita ya toni nimeweka 0.047 mikrofaradi.

Fundi_Mkongwe:

Vijana shikamooni nyinyi maana mnajua vitu 😂. Enzi zetu tulikuwa tunachomoa koili kwenye vipaza vya simu ya mezani tunabandika kwenye gitaa la boksi, tukapiga dansi hadi asubuhi. Na msisahau, Franco Luambo wa Kongo alianza na gitaa la kopo alilojiundia mwenyewe akiwa mtoto, nyuzi ni waya za umeme zilizomenywa. Kaka yangu kopo! Alafu akaja kuwa yule mnayemjua.

Solo_la_Pili:

Shikamoo mzee wangu! Heshima yako. Na sio Franco tu. Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen, alilianza lake mwaka 1963 akiwa kijana, na baba yake, shingo imetoka kwenye mbao ya zamani ya juu ya meko, springi za kutikisia ni za pikipiki, zile nukta za shingoni ni vifungo. Kapigia hilohilo maisha yote. Eric Clapton, mpiga gitaa wa Uingereza, naye alinunua Stratocaster za mkononi mwanzoni mwa miaka ya 70, akafungua tatu akachukua kilicho bora kwa kila moja akaunda moja nyeusi. Mwaka 2004 ilipigwa mnada kwa dola 959,500. Yangu nauza kwa laki sita na ushee, PM iko wazi 😂

Kijana_wa_Sebene:

Mzee shikamoo. Mkuu Solo mimi gitaa langu linanguruma mmmmm muda wote, nikishika nyuzi linapunguza. Ni pikapu mbovu?

Solo_la_Pili:

Likipunguza ukishika nyuzi ni kawaida dogo, maana yake waya wa ethi kutoka kwenye briji umefika unapotakiwa na mwili wako umejiunga nao. Likiongeza kelele ukishika, hapo umegeuza waya kwenye jeki, badilisha.

Mngurumo wenyewe ni umeme wa nyumbani, mizunguko 50 kwa sekunde, koili moja inausikia kama redio. Ndo maana kule Gibson bwana Seth Lover akabuni pikapu ya koili mbili, wakaombea hataza mwaka 1955, moja imezungushwa kinyume na sumaku yake imegeuzwa, mngurumo unaingia pande mbili tofauti unajiua wenyewe, sauti ya uzi inabaki. Kwa koili moja zibia vyumba kwa karatasi ya shaba yenye gundi, ukutani na chini, vipande vyote vigusane na viungwe na ethi. Ukikosa shaba hata foili ya jikoni inasaidia, tatizo risasi haishiki kwenye alumini kwa hiyo waya unaubana kwa skrubu. Na kaa mbali na taa ya tyubu na chaja za simu za bei ya soda.

Hapa naweka utani pembeni. ULE WAYA WA ETHI unaunganisha nyuzi, yaani vidole vyako, na amplifaya. Kama amplifaya haina ethi ya kweli ukutani na maiki imechomekwa kwingine, siku ukisogeza mdomo kwenye maiki utajua. Mimi nilipigwa shoti kwenye mazoezi ya kwaya fulani, mdomo ulikufa ganzi nusu saa, waimbaji wakadhani nimejazwa. Kumbe mtu alikuwa amekata pini ya juu ya plagi, na soketi nyingine wamechokonoa tundu la ethi kwa kalamu ya bik ili plagi ya pini mbili iingie. Msifanye hivyo kwenye vyombo vya muziki. Kata kona kwenye rangi, sio kwenye ethi.

Mama_Besi:

Nakazia. Mimi nilirushwa na besi ukumbini, nikaweka chombo chini nikaenda kukaa. Solo, nati yako ni ya plastiki?

Solo_la_Pili:

Ilikuja na plastiki nikaitoa. Nimetengeneza ya mfupa wa ng'ombe! Buchani bure, paja, sehemu ya katikati iliyonyooka. Unachemsha hadi nyama na mafuta yaachie, unaloweka kwenye maji ya sabuni, unaanika wiki, unakata kwa msumeno wa chuma. Kwenye msasa inatoa harufu ya nywele zilizoungua, fanyia nje kama unapenda ndoa yako. Upana wa shingo pale juu ni 42, nyuzi za pembeni nimeziachanisha 35. Mifereji nimechonga na kitupa chembamba taratibu sana, maana ukizidisha kina uzi unakaa juu ya freti ya kwanza unalia kama nzi kwenye chupa, na mfupa ukishakatwa haurudi. Niliharibu miwili. Wa tatu ndo uliopo.

Baada ya hapo ni kurekebisha tu. Nyuzi nimevalisha 10 hadi 46 (unene kwa sehemu za elfu za inchi). Chuma cha ndani ya shingo unakigeuza robo mzunguko, unaacha hadi kesho, unaangalia tena, usikae pale unazungusha kama mfuniko wa soda. Kwa freti ya 12 uzi mnene nimeuacha juu kwa milimita 2, mwembamba 1.6. Mwisho ni vitandiko vya briji, piga ile sauti ya kengele kwenye freti ya 12 (unagusa uzi tu bila kubonyeza) alafu bonyeza palepale, ya kubonyeza ikiwa juu rudisha kitandiko nyuma, ikiwa chini sogeza mbele.

Rangi sikupaka, nimepiga sila na laka wazi mara sita nione mninga wangu. Kwenye pikapu ya briji, toni imefunguliwa yote, sebene linakata kama wembe.

Kijana_wa_Sebene:

Mkuu umeniua. Shingo yangu imefika leo, nimeazima venia kwa jirani, kisigino kinasoma 55.9. Bodi ninayo ya mvule, nimeinunua ikiwa imeshachongwa, chumba kinasoma 55.4. Nina drili hapa na msasa. Nianze?

Solo_la_Pili:

Weka drili chini dogo. Hiyo ni nusu milimita, inamalizwa na msasa uliozungushiwa kibao kilichonyooka, sio kidole, kidole kinakula kona. Piga mara kumi, jaribu shingo, piga tena mara kumi, jaribu. Ikianza kuingia kwa kiganja acha palepale. Usitoboe tundu hata moja leo. Jumamosi nipo Keko kwa fundi kuanzia saa nne, njoo na shingo, bodi na briji, nailoni ya kuvulia ninayo.

Bwana_Randa:

Na mshumaa nitaleta mimi.